Kulea kijana wa kiume peke yako Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimelea mtoto wa kiume peke yangu Dar es Salaam, kwanza Mbagala, baadaye Tandika, tangu akiwa na miaka 5 mpaka sasa ni mtu mzima. Asubuhi nauza chapati na maharage. Miaka ya karibuni nimo kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa wetu, na maswali haya yananifuata kila mahali: kwenye foleni ya maji, msibani, mengine yanaletwa usiku na mama analia mlangoni. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa. Yanayohusu sheria ni ya Tanzania Bara, maana Zanzibar wana sheria yao ya mtoto. Yanayohusu maisha nimeyaeleza nilivyoyaona.

Tunaishi chumba kimoja na mwanangu ana miaka 14. Tulale vipi?

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na mimi naamini mengi ya huko chini yanaanzia hapa. Kijana akishabalehe anaona aibu kulala chumba kimoja na mama yake. Mama naye anaona aibu kuvaa. Hakuna anayesema neno. Kijana anaanza kuchelewa kurudi, anakaa kijiweni mpaka ahakikishe umelala, halafu anaanza kulala kwa rafiki, mwisho anahamia geto. Mtaa unasema kaharibika. Wengine nimekaa nao nikawauliza, na kumbe walichokuwa wanatafuta ni pahali pa kubadilishia nguo.

Mimi nilifunga kamba ukuta kwa ukuta nikatundika pazia zito. Usitundike kanga, taa ikiwa nyuma inaonyesha kivuli chote. Kitanda changu kikakaa ndani, upande wa mlangoni ukawa wake: godoro la mbili na nusu kwa sita, ndoo yenye mfuniko ya nguo zake, na sanduku dogo la kufuli ambalo ufunguo anao yeye peke yake. Mimi naamka saa kumi alfajiri kukanda unga uani, kwa hiyo muda wake wa kuvaa ulikuwa nikiwa nje. Na nilianza kupiga hodi. Siku ya kwanza napiga hodi kwenye chumba ninacholipia kodi mwenyewe, jirani alicheka. Mwanangu hakucheka. Aliitika, "Karibu, mama," kwa sauti nzito ambayo sikuwa nimewahi kuisikia.

Ukipata uwezo, chumba na sebule mbali kidogo ni bora kuliko chumba kimoja karibu na barabara, ila piga hesabu ya nauli na ya saa atakayoamka kwenda shule. Ikibidi alale kwa jirani na vijana wenzake, ijue nyumba hiyo, ongea na mama wa hapo, na chakula cha usiku ale kwako. Usikubali alale na wanaume wakubwa usiowajua, hata kama ni mafundi wema au wapangaji wa siku nyingi. Watoto wa kiume nao wanafanyiwa ukatili, na wengi hawasemi kwa sababu wanaogopa kuchekwa.

Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 na shule inafunguliwa Januari. Nianze na kipi?

Kodi. Mtoto anaweza kwenda shule na viatu vya mwaka jana, lakini vyombo vikitolewa nje katikati ya muhula, shule nayo inaondoka. Nenda kwa mwenye nyumba kabla siku haijafika, mwombe akubali miezi 3, mkubaliane mbele ya mjumbe na mwandikiane. Fanya hivyo mchana, kijana akiwa shuleni. Usimwache asikie mama yake anafokewa uani.

Upande wa shule, sekondari za serikali hazina ada mpaka kidato cha nne tangu Januari 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Bado kuna sare, madaftari, nauli, chakula cha mchana na michango. Mwanafunzi hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa mchango. Akirudishwa, nenda mwenyewe kwa mkuu wa shule, kwa upole, ueleze hali yako. Isipofaa nenda kwa afisa elimu kata. Wakina mama wengi wanaona haya kwenda, wanamwambia mtoto "kaa kwanza wiki hii", na wiki ikishakuwa 3 mtoto mwenyewe anaona haya kurudi.

Nimwambie mwanangu ukweli kuhusu pesa?

Mwambie, lakini sikiliza kwanza yaliyonipata.

Mwanangu alipokuwa na miaka 14 alishika wazo kwamba namficha pesa. Aliona wateja asubuhi, aliona noti, akaona na mimi nasema sina. Siku moja nikampa daftari langu la mahesabu na kalamu, nikamwambia jumlisha. Akaandika: unga wa ngano, mafuta, maharage, mkaa, maji, umeme wa kuchangia, kodi, marejesho ya kila Ijumaa. Alijumlisha mara mbili. Alipomaliza alikaa kimya, akalifunga daftari akalirudisha chini ya ndoo ya unga. Nikajisifu moyoni kwamba nimemfundisha.

Wiki iliyofuata hakuomba viatu tena. Wiki ya pili mwalimu alinipigia simu kuuliza mtoto anaumwa nini. Alikuwa anatoka nyumbani na sare, anabadilisha njiani, anakwenda sokoni kubeba viroba vya viazi. Pesa alikuwa anazirudisha kidogo kidogo kwenye kopo langu la chenji, na mimi nilikuwa nashukuru Mungu kwamba biashara imechangamka.

Kwa hiyo mwonyeshe hesabu, halafu umalizie kwa maneno haya au mengine yanayofanana nayo: deni ni langu, kulilipa ni kazi yangu, nakuonyesha ili usinidhanie vibaya. Mpe na kazi ndogo inayomfaa mtoto. Wangu nilimpa kuandika mauzo ya kila siku, na siku za likizo kunisindikiza sokoni. Aliacha viroba. Kopo la chenji niliendelea kulihesabu kila jioni kwa muda mrefu sana.

Baba yake yupo, ana kazi, na hatoi chochote. Nifanye nini?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haiulizi kama mlifunga ndoa. Mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na wazazi wote wawili wana wajibu wa kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu.

Anzia kwa afisa ustawi wa jamii, wa kata au wa halmashauri. Atamwita baba, mtazungumza, na mkikubaliana kiasi kiandikwe na kusainiwa. Asipokuja, au akisaini halafu asitoe, jambo linapelekwa Mahakama ya Watoto. Maombi ya matunzo anaweza kuyapeleka mzazi, mlezi, ndugu, afisa ustawi, au mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima wa kumsimamia. Mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine anaowalea, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Hilo la mwisho lina faida kwako. Kama baba anasema elfu ishirini inatosha kwa mwezi, nenda na orodha: kodi ya chumba, nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha shule.

Amri ya matunzo inafika mtoto anapotimiza miaka 18, lakini mahakama inaweza kuiendeleza kama bado anasoma au anajifunza ufundi. Mama mwenye kijana wa miaka 16 asikate tamaa eti muda umekwisha. Ila usisubiri. Kadiri miaka inavyopita ushahidi unapotea. Tunza meseji za miamala yote aliyowahi kutuma, hata ya elfu tano, maana inaonyesha alimtambua mtoto.

Akidai kwamba mtoto si wake, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba. Kipimo hicho hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na hukiombi mwenyewe dirishani. Kinaombwa kupitia mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Huna hela ya wakili? Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na mashirika kama Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA) na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake yamekuwa yakiwasaidia akina mama bure kwa miaka mingi.

Nakuomba jambo moja, dada yangu. Usimtume kijana kudai. Najua kwa nini tunafanya hivyo, tunadhani baba akimwona uso kwa uso atalainika. Nilimtuma wangu mara moja, akiwa na miaka 12, na shati nililopiga pasi mwenyewe. Alisimama getini tangu mchana mpaka jua linazama, akaambiwa baba kasafiri, na gari aliliona liko ndani. Madai ni ya watu wazima. Mtoto, kama baba yake anapatikana, aende kumsalimia tu.

Anahitaji mwanaume wa kumwongoza. Nimpeleke kwa mjomba, au nimrudishe kijijini kwa bibi?

Mjomba ni mtu mkubwa kwa mtoto wa dada yake, na pwani hii tumelelewa hivyo. Kama una kaka mwenye akili timamu, mtumie. Kuna mambo ya kubalehe kijana atayasikia vizuri zaidi kwa mjomba kuliko kwako: usafi, ndoto za usiku, wasichana, kondomu. Mpigie mjomba umwambie waziwazi unataka amfundishe nini, usimwachie abahatishe. Huna kaka? Mwalimu wa mpira, imamu, mchungaji, fundi anayeheshimika. Mwangalie kwanza miezi kadhaa anavyoishi na watoto wengine. Na wewe mwenyewe usikae kimya kabisa eti kwa sababu ni mwanamke. Wangu alipoona damu kwenye mkojo alikuja kwangu, hakwenda kwa mjomba, na ilikuwa kichocho.

Kijijini ni jambo jingine. Nimeona vijana waliopelekwa Singida, Tanga, Lindi, wakatulia, wakamaliza shule. Nimeona na waliopelekwa kama adhabu, wakafika kwa bibi wa miaka 70 asiyeweza hata kuwakimbiza mbuzi, wakarudi Dar kwa lori baada ya miezi 4 wakiwa na hasira mpya. Mimi huwa nauliza maswali haya: huko anakokwenda, nani atamwona akitoka na akirudi? Shule iko umbali gani? Na yeye mwenyewe ameambiwa anakwenda kwa muda gani? Usimdanganye kwamba ni likizo halafu usitume nauli ya kurudi. Uhamisho wa shule ufanyike kwa barua, akishavuka mkoa bila barua anageuka mtoro kwenye daftari la mahudhurio la shule yake ya zamani.

Watu wanamwambia yeye sasa ndiye baba wa nyumba. Ni sahihi?

Hapana. Wakisema mbele yako, wakatalie pale pale.

Nimekopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, na wanakuja nyumbani kila siku. Nitokeje?

Kwanza usikope kwingine kulipa hapa. Najua unalijua, na najua utashawishika.

Andika umechukua kiasi gani, umeshalipa kiasi gani, umebaki na kiasi gani kwa hesabu yao. Waulize leseni. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni inayotoka Benki Kuu, na mkataba lazima uwe wazi. Wasio na leseni mara nyingi hupunguza kelele wakisikia unakwenda serikali ya mtaa pamoja na daftari lako. Wenye leseni unaweza kuwaomba mpange upya marejesho. Wakibeba jiko au kitanda kwa nguvu, hilo ni la polisi na mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo.

Kwa mtaji, kuna mkopo wa halmashauri usio na riba: asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023 ukarudishwa 2024. Mnajiunga kikundi, mnasajiliwa, mnapitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Unachukua muda na una makaratasi mengi, kwa hiyo hautakuokoa Ijumaa hii. Ni wa kuanza kuushughulikia leo kwa ajili ya mwakani. Chagueni wanakikundi mnaojuana tabia, maana mmoja akikimbia mnalipa wote.

Pesa zinapotea ndani na nasikia anabeti.

Michezo ya kubahatisha ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 18. Lakini mashine za sarafu zimejaa kwenye vibanda vya uswahilini, na kwenye simu kijana anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Angalia kwanza kama laini hiyo ni yako. Mama mmoja wa mtaani kwetu alikuta namba yake ya kitambulisho ndiyo iliyosajili laini anayobetia mwanawe, na yeye mwenyewe ndiye aliyeweka kidole.

Mwenye kibanda anayeruhusu watoto, mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Mkienda wazazi 5 pamoja anasikiliza, ukienda peke yako anakuambia lea mwanao. Na kijana, kabla ya kumfokea, muulize anataka pesa za nini. Nimewauliza wengi. Wengi walitaja vitu vidogo: simu, kunyoa vizuri, nauli ya kwenda mechi, kumnunulia msichana chipsi. Vingine unaweza kuvipangia. Pesa yako ya biashara usiiache chini ya godoro, na usimwite mwizi mbele za watu.

Amekamatwa na polisi. Wanasema yumo kwenye kundi.

Nenda sasa hivi, hata kama ni usiku, nenda na mtu. Chukua cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, chochote kinachoonyesha umri. Watoto wa kiume wa Dar wanakua haraka, na mwenye miaka 15 ana mwili wa miaka 20. Mwaka 2015, na tena 2022, jiji liliposhikwa na hofu ya panya road, yale magenge ya vijana waporaji, vijana wengi walizolewa kwenye misako, na umri wa mtoto ndio ulioamua aende wapi.

Sema wazi: huyu ni mtoto, naomba niwepo anapohojiwa, na naomba aitwe afisa ustawi wa jamii. Ukiona ugumu ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto hatakiwi kuchanganywa mahabusu na watu wazima. Dhamana ya polisi haina malipo, na anayekuomba hela hakudai kitu cha kisheria. Kesi ya mtoto inasikilizwa Mahakama ya Watoto, kama ile ya Kisutu, bila umati. Mtoto hafungwi jela. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya maadilisho, ambayo iko Irambo, Mbeya. Kama ameonewa, pigania. Kama amefanya, usimwambie aseme uongo, maana atajifunza kwako. Nilikaa na mama mmoja benchi la kituo tangu saa nne usiku mpaka kukapambazuka, na tulipotoka na mtoto jambo la kwanza alilomuuliza ni kama amekula. Nilimheshimu sana yule mama.

Ananuka bangi. Nimpeleke wapi?

Tofautisha aliyejaribu na anayetumia kila siku. Aliyejaribu anahitaji mazungumzo na marafiki wapya. Anayetumia kila siku, anayekesha, anayeongea peke yake au anayeona watu wanamfuata, mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, Amana, Temeke au Mwananyamala kulingana na unapoishi, umweleze daktari ukweli. Watu wengi huchanganya na kliniki ya methadoni, ile iliyoanza Muhimbili mwaka 2011. Hiyo ni dawa ya waliozoea heroini, haimhusu anayevuta bangi. Usimfunge kamba, usimpeleke nyumba ya kuacha dawa ambayo hukuingia ndani ukaiona kwa macho yako.

Ameacha shule, au amefeli kidato cha nne. Ndiyo basi?

Hapana, njia zipo kadhaa. Tangu mwishoni mwa 2021 wizara inaruhusu waliokatiza masomo kurudi shule, kwa hiyo aliyeacha karibuni anza kwa mkuu wa shule. Aliyefeli anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ambaye hakufika kidato cha nne anaanza na mtihani wa maarifa, ule wa QT, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina madarasa yake.

Kwa anayependa mikono kuliko daftari kuna vyuo vya ufundi stadi vya VETA, kwa mfano Chang'ombe na Kipawa. Kuna kozi ndefu na kozi fupi. Fomu za kozi ndefu hutoka kwa msimu, kwa hiyo pita getini usome tangazo, usingoje kuambiwa. Akiwa tayari amejifunza gereji au kwa fundi seremala, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: anapimwa, anapewa cheti. Huo unajulikana na watu wachache, na kwa vijana wetu una thamani kubwa. Na tangu 2024 baadhi ya sekondari zina mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, kwa hiyo mwenye mdogo wake anayeingia kidato cha kwanza aulizie.

Anataka kufanya kazi ili anisaidie. Nimkubalie?

Kisheria mtoto wa miaka 14 na kuendelea anaweza kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumtoa shule. Kazi za hatari ni marufuku mpaka miaka 18. Kuuza maji ya baridi Jumamosi, sawa. Kubeba mizigo Kariakoo kuanzia alfajiri, kuingia baharini na wavuvi usiku, kuendesha bodaboda ya mtu bila leseni, hapana. Pesa atakayopata mwachie sehemu yake aitumie apendavyo, ukiichukua yote siku nyingine hatakuonyesha.

Nimepata mwenza. Mwanangu hamtaki.

Una haki ya kupendwa, na nakuombea awe mtu mwema. Lakini katika chumba kimoja huwezi kumleta mwanaume alale kijana akiwa nyuma ya pazia. Hilo silipunguzii makali hata kidogo. Kutaneni kwingine mpaka mambo yaeleweke. Mtambulishe mchana, kwa jina lake, asiitwe "baba" siku ya kwanza. Na akimpiga kijana, au kijana akibadilika ghafla akawa hataki kubaki naye, msikilize mtoto kwanza. Mimi niliacha mtu kwa ajili hiyo, na sikujuta.

Ananijibu kwa ukali, juzi alinisukuma. Nimpige?

Ana nguvu kukuzidi, na kipigo kitakachofuata hukijui. Siku ile ondoka, kaa kwa jirani, arudi akukute umetulia. Kesho yake mwambie mbele ya mjomba au mtu anayemheshimu: hapa hakuna anayemwekea mwenzake mkono, mimi wala wewe. Na wewe uache. Ikijirudia, nenda ustawi wa jamii. Mama au kijana anayehitaji kuongea na mtu anaweza kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure kwa mitandao yote.

Cheti chake cha kuzaliwa hakipo, na baba hataki kuandikwa.

Usimsubiri baba. Nenda RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au ofisi ya mkuu wa wilaya, na nyaraka ulizonazo uombe cheti. Kitahitajika akifika miaka 18 akaenda NIDA kuomba kitambulisho cha taifa, na akiomba mkopo wa elimu ya juu cheti hicho huhakikiwa RITA. Ukikianza mwanao akiwa kidato cha nne utakimbizana. Kianze sasa.

Aliondoka nyumbani wiki mbili, jana usiku amerudi. Nianzie wapi?

Chakula, na maji ya kuoga kama hajaumia. Usiku huo usiulize alikuwa wapi, muulize tu kama ameumia. Kama ulitoa taarifa polisi au kwa mwenyekiti, waarifu kwamba amerudi. Kama ana jeraha au unahisi amefanyiwa ubaya, mpeleke hospitali mapema kabla hajaoga wala kubadilisha nguo, na upitie Dawati la Jinsia na Watoto. Hospitali zina dawa za kinga ya virusi vya UKIMWI zinazotakiwa kuanzwa ndani ya saa 72.

Wangu aliondoka siku 11, akiwa na miaka 16. Kila usiku nilifunika sahani yake kwa kawa, na kila alfajiri chakula hicho nikawamwagia kuku wa jirani. Usiku wa 11 nilisikia hodi. Alikula amesimama, akalala na viatu. Nilipoamka saa kumi kukanda unga sikumkuta kwenye godoro, na moyo ukanipasuka. Nikatoka uani. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, anapepea mkaa kwa kipande cha boksi, moto umeshashika. Hatukuongea chochote mpaka saa tano, chapati zilipoisha.